Jicho la Mama Limeujibu Mwanga

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumatano asubuhi.

Kwako Dada mpendwa, kifungua mimba wa mama yetu,

Pokea salamu zilizojaa heshima. Natumaini hujambo, na kwamba kile kifua kimepoa. Sisi tu wazima. Madhumuni ya waraka huu ni kukuarifu hali ya macho ya mama, na kukuomba uamuzi ambao mimi, mdogo wako, sina mamlaka ya kuutoa.

Kama ujuavyo, mtoto wa jicho ameziba macho yote mawili, hata daktari haoni kilichoko nyuma yake. Alikataa kupasua kwa kubahatisha. Akaagiza kwanza ipimwe iwapo macho na ubongo vingali vikiwasiliana.

Jana mimi na mama tuliingia katika chumba kidogo chenye giza. Mpimaji, mwanamke mchangamfu, alibandika nyaya karibu na macho ya mama na kisogoni. Alitueleza kwamba jicho likimulikwa hutoa umeme mdogo mno, ubongo nao hujibu kwa wake, na mashine huyachora majibu hayo kama mawimbi.

Taa ikamemetuka. Wimbi la jicho lilipanda vyema, ila mstari wa ubongo ulikuwa vurugu tupu.

Mpimaji akagusa kisogo cha mama, akanusa vidole. "Bibi, kichwani umepaka nini?"

"Mafuta. Ulitaka nije kwa watu na nywele kama fagio?"

"Umependeza, bibi, ila nyaya zangu zinateleza!"

"Mlaumu mkwe wangu. Chupa nzima kaimalizia hapa."

Akaoshwa, akasuguliwa, akabandikwa upya. Kila taa ilipomemetuka, wimbi la ubongo likainuka. Dada, nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Daktari amethibitisha kuwa njia ni nzima. Kilichopo ni pazia tu, nalo laweza kuondolewa.

Mwaka jana ulikataa apasuliwe, ukisema heri giza kuliko jeraha la bure. Sikukulaumu, hofu yako ilikuwa na msingi. Sasa msingi huo haupo. Lakini mama ameshikilia lake: "Mkubwa wenu asiponena, kisu hakinigusi."

Wifi yako anakusalimu sana. Nisalimie shemeji na wapwa wangu. Mola awafunike kwa rehema zake.

Daktari ametutengea Jumatatu. Kwa unyenyekevu naomba jibu lako kabla ya siku hiyo: mama apasuliwe, au asipasuliwe?

Ndimi nikupendaye kwa dhati,
Mdogo wako.