Chai Iliyokunywa Bustani

Woodley, Nairobi,
9 Agosti 2004.

Mpendwa kaka Kuria,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Eldoret, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi tu wazima. Mama angali anatembea kila asubuhi hadi benchi lake bustanini. Salamu zangu zinaishia hapo, kwa maana nimekukasirikia.

Jumamosi tarehe 17 Julai tuliitwa kutoa maoni kuhusu bustani. Nimeandika katika shajara: watu sitini na watatu, chai, mandazi, na karatasi ya kutia sahihi yenye kichwa "Waliohudhuria". Nilitia sahihi kama wengine. Hilo ni kosa langu, nalikiri.

Juzi Dalmas, mwenyekiti wetu wa mtaa, alituonyesha karatasi ile ile imebandikwa nyuma ya ramani ya mpango mpya wa bustani. Kichwa kimekatwa kwa makasi. Sasa eti sote tumekubali nusu ya bustani iwe maegesho na vibanda. Nilipopinga akanicheka.

"Wanjugu, chai yetu si ulikunywa? Mandazi nayo ukafunga kwa leso. Leo umeshiba ndio unakataa?"

Watu wakaangua kicheko. Jirani yetu Taranjit akamjibu, "Ningejua chai yenu ni bei ya miti, ningekuja na thamosi yangu."

"Basi muulize kaka yako," Dalmas akaniambia. "Mbona yeye hana maneno?"

Nikatazama. Jina lako ni la kumi na mbili. Ulikuwa Eldoret siku hiyo! Nilipokupigia simu, ukasema ulimruhusu akuandike kwa sababu amekuahidi kibanda. Kibanda, Kuria! Kwenye ramani kimechorwa pale pale penye benchi la Mama.

Wenzangu wamepeleka barua za kukataa na zimepokelewa. Yangu afisa wa jiji aliirudisha: nyumba ingali kwa jina lako, kwa hiyo wewe tu ndiwe unayeweza kupinga. Mwisho ni Ijumaa tarehe 20. Barua yako ya kukataa nimeiandika tayari, iko ndani ya bahasha hii pamoja na stempu. Tia sahihi yako mwenyewe safari hii.

Mama hajui. Kila jioni huniuliza ni nani aliyeuza bustani, nami humjibu, Dalmas. Tarehe 21 nitamsomea orodha yote, jina kwa jina, na la kumi na mbili sitaliruka.

Msalimie wifi Debra na Njuguna. Hao sina ugomvi nao. Mungu akulinde, na akuharakishie mkono.

Dadako, akupendaye hata sasa,
Wanjugu