Mzimu Niliomtungia Bibi

Kisiwa cha Johns,
Carolina Kusini.
12 Julai 2016

Mpendwa Dada Luvenia,

Salamu zangu zikifika hapo Detroit zipe kiti, zimetoka kwa mtu aliyechoka. Goti lako je? Na kifua cha shemeji? Huku tu wazima, ila joto limetukalia kama mkwe asiyeaga.

Barua yako nimeipata. Unasema mnakuja Septemba na akina mama wa kanisa, mpande gari langu la nyumbu, niwatembeze Charleston kama watalii. Niliwasomea wenzangu zizini kwa sauti. Mwendeshaji kama mimi mji huu hakuna; nimebeba majaji, nimebeba maharusi waliogombana kabla ya kona ya kwanza.

Lakini miaka ishirini na sita kwenye kiti kile, dada, mgongo si wangu tena. Nyumbu wangu, Kanali, akirudi wanampima joto, likipanda anapumzishwa. Mimi likinipanda naambiwa nitabasamu.

Sasa kuna jambo bora ulisikie kwangu mapema. Njia hatuchagui wenyewe. Kwenye kibanda cha jiji, pa kuanzia safari, kuna mashine ya vipira vya bahati nasibu. Kipira kitakachokudondokea ndicho kinachokupangia mitaa. Kikinipeleka Mtaa wa Anson napita nyumba ile alipotulea Bibi Tempie, siku hizi ni hoteli yenye maua madirishani. Miaka yote nawaambia wageni pana mzimu wa mtumishi mzee, hufagia ua alfajiri. Wanacheka, wanapiga picha. Mzimu huo nimeutunga mimi, na ule ufagio ni wa Bibi.

Mwezi uliopita mama mmoja akaniuliza, "Alikuwa anaitwa nani huyo?" Mdomo huu usiokosa neno ukajibu, "Majina ya watu kama wale hayakuandikwa, mama." Nilimkana Bibi mchana kweupe, na wakanipigia makofi.

Nikaapa pale sisimami tena. Jumanne iliyopita kipira kikanipa Anson. Nikamhimiza Kanali tupite. Akagoma mlangoni palepale, maana ndivyo nilivyomzoesha.

"Twende, mzee, usiniaibishe."

Wapi. Bwana mmoja nyuma akasema, "Huyo nyumbu anajua kitu wewe hukijui."

"Anajua sana," nikamjibu. Basi nikasema: hapa aliishi Tempie Fludd, bibi yangu, alifagia ua huu kila alfajiri kwa sababu wajukuu zake walicheza humo pekupeku. Hakuna aliyecheka. Yule bwana akauliza choo kiko wapi.

Ukikasirika una haki, ila njoo. Utakaa mbele, karibu yangu. Kipira kikitunyima Anson tutakwenda kwa miguu, polepole, na goti lako hilo. Kikitupa, Kanali atasimama mwenyewe. Mimi nitanyamaza, mara moja maishani, uwaambie wewe Bibi alikuwa nani.

Nisalimie shemeji, na Ernestine na wanawe. Mungu awalinde njia nzima.

Ndimi kaka yako, mwongo wako akupendaye,
Cephas