Goti Lisilouma

Jumatano, 6 Februari

Imekuja barua kwa mke wangu, Mama Kanae, kutoka kwa wenzake aliosoma nao kwao Yamagata, kaskazini kwenye theluji. Safari ya siku moja, Jumamosi, kwenda kuteleza kwenye theluji. Mlima mgeni, hata wao hawajawahi kuufikia. Ana miaka sitini na tatu! Akatoa kabatini buti za skii ambazo sijaziona tangu binti yetu azaliwe, akazipangusa huku akiimba.

Nikauliza nani watakuwepo. Akataja wanawake watano. Halafu, kama mtu aliyekumbuka chumvi — na Nonoyama. Huyo mkewe alifariki mwaka juzi.

Nikasema nami nakwenda.

"Baba Kanae, wewe mtu wa Kagoshima, kusini kwenye joto. Theluji ya kuchezea umeiona kwenye televisheni tu."

Kweli. Lakini nakwenda.

Ijumaa, 8 Februari

Nimeazima suruali ya theluji kwa jirani. Fupi. Mama Kanae amefinyanga matonge ya wali kumi na mawili. Sisi tuko wawili. Sijauliza.

Jumamosi, 9 Februari

Naandika ndani ya basi. Saa kumi na robo jioni na bado hatujaondoka. Nianze mwanzo.

Nilitarajia kibabu. Nonoyama ni mrefu, amenyooka, meno yote yake, koti jekundu. Akamwita mke wangu "Saki". Saki! Mimi tangu tupate mtoto namwita Mama Kanae, na kabla ya hapo nilimwita "wewe". Akaitika kama vile hajawahi kuitwa jina jingine.

Nonoyama akanifundisha mwenyewe, kwa upole — hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikunje magoti, ncha za skii zikaribiane mbele. Nikaanguka mara saba. Mtoto mdogo wa kike alinipita akiniomba radhi.

Kisha nikamwona mke wangu akishuka. Sijui niandikeje. Nyumbani hupanda ngazi akishika ukuta. Pale alikuja kutoka juu kama maji yanayoujua mfereji wake, Nonoyama nyuma yake kidogo, wakipinda pamoja kushoto, kulia, bila kuambiana. Wakasimama mbele yangu, theluji ikanirukia usoni. Alikuwa anacheka, mashavu yamewiva. Uso ule siujui. Nonoyama anaujua, tangu wakiwa na miaka kumi na tano.

Mchana, kantini, tambi za moto. Yale matonge ya ziada yalikuwa ya Nonoyama. Yenye plamu ya chumvi ndani, anavyopenda. Miaka yote hii amekumbuka! Wakapanga kupanda mpaka kileleni saa nane. Ukungu umeanza, kwa hiyo mtu asiende peke yake. Wale wanawake watano walishachoka. Yaani wao wawili.

Nikasema goti linaniuma.

Sikupanga. Maneno yalitoka tu. Mama Kanae akavua buti, akakaa, akanisugua goti. Nonoyama akanipa pole, akasema basi atapanda na kushuka mara moja tu mwenyewe, njia yenyewe si ngumu. Nilimwangalia akipanda kwenye lifti ya viti. Kiti cha watu wawili, upande mmoja mtupu. Nikafurahi. Niandike ukweli: nilifurahi.

Saa tisa hajaonekana. Saa tisa na nusu dereva akawasha injini. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni pa kantini. Nikainuka kwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Mama Kanae alikuwa ananitazama miguu.

"Goti lenyewe lilikuwa la kulia au la kushoto?"

Akavaa buti, akaenda kwa waokoaji kuwaonyesha kwenye ramani njia waliyokuwa wameipanga. Bado hajarudi. Mimi nimeambiwa nikae ndani ya basi, kwa sababu ya goti.

Jumapili, 10 Februari

Walimpata Nonoyama saa kumi na moja kasoro robo, chini ya miti, mguu umevunjika mahali pawili. Alikuwa anapiga filimbi. Yuko hai.

Mama Kanae tangu jana amenipa sentensi moja. Kwamba kama yeye angekuwa naye kule juu, watu wangeitwa ndani ya dakika kumi, si saa mbili na nusu kwenye baridi. Kisha akaniwekea chai. Afadhali angenimwagia.

Jumanne, 12 Februari

Amepika tangu alfajiri. Magimbi, nyama, uyoga — mchuzi wa kwao. Akasema anakwenda hospitali, Yamagata. Nikasema nitampeleka kwa gari. Nimeendesha teksi miaka thelathini na moja, hilo angalau naliweza. Hakukataa. Mwendo wa saa moja na nusu. Chungu alikipakata yeye.

Nimebaki garini. Baada ya nusu saa akashuka, akaniwekea kifurushi mapajani. Plasta za dawa, zile za kubandika kwenye maumivu. Kwangu, kutoka kwa Nonoyama. Amemwomba muuguzi amnunulie. Ameagiza nibandike asubuhi na jioni, na nisipande ngazi.

Nikamuuliza kama amemwambia kuhusu goti.

"Sijamwambia. Si langu la kusema."

Akarudi juu. Ghorofa ya tatu, dirisha la pili, pazia liko wazi. Kutoka hapa namwona Nonoyama ameinua mikono miwili, anaonyesha jinsi alivyopinda kabla ya kuanguka. Mama Kanae amejifunika mdomo. Anacheka, au analia. Nimekaa naye miaka thelathini na tisa na kwa umbali huu siwezi kujua.

Bado nina wivu. Nilidhani aibu ingeuondoa. Vimekaa pamoja tu.

Nimefungua mlango wa gari, nipande nikamwambie mwenyewe. Baridi inaingia. Mguu mmoja uko chini —