Kaka Elisante, Hukumvunja Baba Mgongo

Mpendwa kaka,

Shikamoo sikupi, maana umenizidi miaka minne tu na najua ungejivuna. Pokea salamu za kawaida kwanza.

Sijui uko wapi. Mara ya mwisho ulionekana Himo ukipanda lori la vitunguu. Wapo wanaoapa kwamba ulishukia Voi, na wapo wanaoapa kwamba ulifika Mombasa, na wote hao siwaamini. Kwa hiyo barua hii nimeinakili kwa mkono mara nane. Nakala nyingine nimewapa madereva, nyingine anayo mama muuza ndizi wa pale njia panda, na moja itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa usharika. Atakayeisoma kabla yako simkatazi. Aisome, kisha amfikishie mwenyewe.

Neno lenyewe nalitanguliza usije ukaitupa njiani: hukumvunja baba mgongo. Niliyekuambia umemvunja ni mimi, na nilikosea. Yote yaliyo hapa chini ni maelezo tu.

Siku ile unaikumbuka. Ilikuwa zamu yetu ya maji, mfongo, ule mfereji wa maji, umejaa hadi ukingoni, mimi naziba kwa magome ya migomba ili maji yaingie kihambani kwetu, kwenye migomba na kahawa. Baba alikuwa juu ya mringaringa anapunguza matawi yaliyoifunika kahawa. Tulisikia tawi likikatika, kisha tukamsikia yeye. Alianguka kifudifudi ndani ya mfongo na hakunyanyuka.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, na shuleni tulikuwa tumefundishwa huduma ya kwanza wiki iliyotangulia. Nikapiga kelele, "Usimnyanyue! Mwalimu amesema aliyeanguka hanyanyuliwi!" Ulimshika makwapani ukamvuta, ukamtia mgongoni kama mzigo wa majani ya ng'ombe, ukapanda naye hadi barabarani huku miguu yake ikiburuzika kwenye mibuni.

Kesho yake akapigwa picha ya mgongo hospitalini. Tukapewa ile bahasha kubwa, tukaambiwa alale miezi miwili, basi. Hatukuuliza kitu. Siku hizo mtu alikuwa akitoka kwa daktari anashukuru kwamba hakufokewa.

Tukaanza kumwogesha. Yaani wewe ukaanza, mimi msichana sikuruhusiwa. Kwetu mtoto haoni mgongo wa baba yake, na baba yetu hata akina mjomba hawakuwahi kumwona bila koti. Lile koti la kaki alilivaa kanisani, shambani, kwenye baridi ya Julai na kwenye jua la Februari. Mama, ambaye angejua, alikuwa ametutoka mimi nikiwa darasa la pili. Ukatoka na beseni, ukasimama mlangoni, maji yanakumwagikia miguuni.

"Aika," ukasema, "baba ana kibiongo."

Nami, kaka, nikafungua mdomo wangu huu. "Nilikuambia usimnyanyue. Wewe ndiye umemvunja."

Hukubisha. Ningekuwa na akili ningejua kwamba mbishi kama wewe akinyamaza ameumia. Ukamwogesha, ukamlisha mtori, ukamgeuza kitandani miezi ile yote mpaka akasimama, ameinama. Halafu ukaondoka wiki ya Krismasi. Wachagga wote wanapanda mlima na mizigo yao kurudi nyumbani, wewe peke yako unateremka na kimfuko. Baba alipouliza nikamwambia umekwenda kutafuta kazi. Uongo huo nimeutunza miaka saba.

Sasa nimepanga chumba Njoro, huku chini mjini, nasomea tiba ya viungo. Watu wanadhani nilichagua kazi hii kwa huruma. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kosa lako lina ukubwa gani. Ndivyo nilivyokuwa, na naona aibu kuyaandika haya.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa uti wa mgongo. Taja pingili na idadi yake. Nikaandika bila wasiwasi: shingoni saba, kifuani kumi na tatu. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Machame asiyecheka bure, akasimama mbele ya darasa na karatasi yangu.

"Aika, huyu uliyempima ni mgonjwa au ni mbuzi?"

Mbuzi ana kumi na tatu, kaka! Binadamu ana kumi na mbili. Nilihesabu kama ulivyonifundisha nyuma ya nyumba siku za kuchinja, wewe ukipitisha kisu kwenye kiungo cha kila pingili bila shoka, ili fungu la kila ndugu litoke zima, mimi nimeshika karai. Kilichonishangaza ni kwamba shingo zetu ziko sawa, saba kwa saba. Kiunoni mtu ana tano, kisha zinafuata tano zilizoshikana, halafu vijipande vya kifandugu pale tunapokalia. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Nilipofika chumbani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekukumbuka.

Likizo iliyopita nikaichukua ile bahasha juu ya kabati la baba, nikampelekea mwalimu. Akaibandika picha kwenye ubao wa taa.

"Hesabu," akasema.

Nikaanza chini. Tano za kiuno, sawa. Ya kumi na mbili na ubavu wake mfupi, sawa. Nilipofika juu yake nikapotea. Nikaanza upya, nikapotea tena palepale. Pingili ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa zimeshikana zikawa mfupa mmoja, kile kisahani cha gegedu cha katikati hakipo kabisa, na upande wa mbele zimesagika kama kabari. Hapo ndipo mgongo wa baba unapopinda.

"Picha ilipigwa lini?"

"Kesho yake baada ya kuanguka."

"Mwanangu, mfupa hauungani kwa siku moja. Hiki ni kifua kikuu kilichoingia mgongoni, kikapona miaka mingi kabla ya huo mti. Ufa mpya siuoni. Huko kuanguka kulimuumiza nyama, na nyama zimepona."

Lakini kwa kuwa nimezoea kung'ang'ania, nikamwambia bado ulikosea kumnyanyua.

"Alikuwa amelalia wapi?"

"Kwenye mfongo."

"Mfongo ulikuwa na maji?"

"Ilikuwa zamu yetu."

Akavua miwani. "Sasa ulitaka azame akiwa amenyooka? Pumzi kwanza, Aika. Mgongo baadaye."

Miaka saba, kaka, nilikuwa nimeyasahau maji. Nilikumbuka mti, nikakumbuka mikono yako, nikakumbuka kelele zangu, lakini uso wa baba ndani ya maji niliuacha nje ya hesabu. Siku yoyote nyingine mfongo ungekuwa mkavu na mimi ningekuwa na haki. Siku ile ungenisikiliza, tungemzika. Nilitoka pale nikatembea hadi Njoro nikicheka peke yangu, na mwavuli wangu nikausahau kwa mwalimu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosea.

Jumamosi nikapanda nyumbani. Jirani zetu wengi wameng'oa kahawa wakapanda nyanya, baba amekataa. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilipotaja kifua kikuu alikasirika, akauliza nani ameniambia. Kisha akasema mwenyewe, bila kunitazama, kwamba alichomwa sindano mwaka mzima akiwa kijana, na babu akakataza neno hilo lisitajwe, maana nani angempa mke? Mama alijua. Koti lilikuwa la kutufichia mgongo sisi wengine.

Ndipo nikamwambia nilichokuambia mlangoni.

Kisu kilisimama kwenye ndizi. "Ruwa wangu," akasema, akimwita Mungu kwa Kichagga. "Kumbe mtoto aliondoka kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu mimi, baba."

"Nyamaza wewe. Tafuta kalamu."

Kaka, nisamehe. Sikuombi unielewe, maana mimi mwenyewe sijielewi, nilivyoweza kuishi na neno lile huku nikila na kulala. Ulimtoa baba majini, ukambeba, ukamwogesha, nami nikakulipa kwa kukufukuza nyumbani kwako. Ukirudi nitukane mpaka uchoke, nimestahili. Ila rudi. Tangu siku ile ya mwalimu nalala vizuri, na sitaki niwe peke yangu katika raha hii. Popote ulipo, tua mzigo huo leo, hata kama umesimama barabarani na karatasi hii mkononi.

Hapa chini ni maneno ya baba. Alinitaka nimsomee mara mbili kuhakikisha sijaongeza langu:

"Mwambie mgongo huu nilikuwa nao kabla yeye hajazaliwa. Ndio niliombebea."

Ni mimi niliyekukosea,
mdogo wako Aika