Mwanafunzi Aliyekula Ini

Jumapili, 8 Juni 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Usiniambie ni zima, niambie tu kama unalipaka dawa. Mimi sijambo, ila mbu wa huku wamenenepa kwa damu yangu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, tunabaki kupigiana kelele hadi majirani wanajua habari zetu zote. Barua anakuletea Dan wa bodaboda, mpe chai.

Bibi, nimeharibu. Wiki iliyopita nilifundisha Gredi ya Pili somo la msamaha katika kipindi cha dini. Unawajua watoto, ukiwauliza msamaha ni nini wanakujibu kwa kuimba, kisha wanatoka nje kupigana. Nikaona niwape kazi ya nyumbani. Kila mmoja aende kwa mtu aliyemkosea, amwombe radhi, kesho aje atuambie. Nilitarajia habari za sukari iliyoibwa na wadogo waliofinywa, na nilizipata nyingi tu.

Lakini Charity, wa miaka saba, binti ya Danson wa bodi ya shule, alitembea peke yake hadi boma la Galma, yule Muorma mwenye ng'ombe wengi karibu na mto. Unakumbuka nilikuambia ndama wa Galma alipotea kabla ya Pasaka, watu wakasema ameliwa na mamba? Charity alisimama mbele ya mzee na wake zake akasema, "Mamba hakumla. Tulimla sisi siku ya Pasaka. Mimi nilikula ini tu. Naomba unisamehe hilo ini."

Kijiji sasa kinachemka. Na Danson ndiye mwenyekiti wa bodi hiyo, yeye ndiye aliyenipa kazi, maana mimi si mwalimu wa serikali. Jana alikuja kwangu. Anataka Ijumaa, mbele ya wazazi wote, Wapokomo na Waorma, niseme mtoto ametunga, kwamba hadithi zangu za darasani zimemchanganya. Nikisema hivyo nabaki. Nikikataa nifungashe. Nifanye nini, Bibi?

Mjukuu wako,
Valary

Kulesa, Jumanne, 10 Juni 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti lina kiburi chake lakini linanifikisha kanisani. Huyo Dan wako amekunywa vikombe vitatu na mahamri yote akamaliza, siku nyingine mlishe kwanza ndiyo umtume.

Nimecheka hilo ini mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikaacha kucheka.

Mwaka ule sisi na Waorma tulipochomeana nyumba, wewe tulikuwa tumekupeleka Kipini kwa shangazi yako. Hukuwaona watu niliowaona mimi wakivuka mto na godoro kichwani. Ilianza na ng'ombe walioingia shambani, na shamba lenyewe nalijua, halikuwa kubwa. Ndama mmoja anatosha kabisa. Kwa hiyo nisikilize. Ijumaa sema mtoto ametunga. Sema na wewe uliteleza. Mtoto akiitwa mwongo siku moja hafi, atasahau kabla muhula haujaisha. Watu wakishikiana mikuki hakuna wa kusahau.

Na kazi utabaki nayo. Nakupenda, hata kama sasa hivi umenuna.

Bibi yako,
Asenath

Jumamosi, 14 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mvua haijaingia ndani. Mwili wangu mzima, moyo ndio unauma kidogo, maana sikukutii.

Maneno yako nilikuwa nimeyakariri, nakuapia. Tulikutana kwenye darasa la Gredi ya Sita, Waorma wamekaa upande wa dirishani, sisi upande wa mlangoni. Danson akasimama, akasema mwalimu ana neno. Sikujua kwamba atamleta Charity. Alikuwa amemkalisha benchi la mbele na gauni lake la kanisani. Mtoto aliponiona nasimama akatabasamu, Bibi. Alidhani nimekuja kumpa alama.

Nikashindwa. Nikasema, "Nilitoa kazi ya nyumbani. Charity ameifanya kuliko wote. Hakutunga." Nikakaa.

Kisha Galma akainuka na fimbo yake, akasema, "Kamba ya ndama yangu niliona imekatwa na kisu. Mamba hana kisu. Mimi nilinyamaza, nikasema atakuja mtu mkubwa kuniambia. Mwezi moja hakuna, mwezi mbili hakuna. Sasa imekuja hii, hata meno ya mbele haina." Watu wakacheka, hata waliokuja wamekunja ndita. Akamgeukia Charity. "Ini nimesamehe. Ile nyama ingine tutaongea na baba yako."

Wazee wa pande zote wakamchukua Danson pembeni, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekubali kumtafutia Galma ndama mwingine. Hakuna aliyeinua fimbo. Lakini leo asubuhi nimeletewa karatasi ya Danson. Muhula ukiisha nisirudi.

Nimelia, sikufichi. Nawapenda hawa watoto. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mjukuu wako mkaidi,
Valary

Ijumaa, 27 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. U mzima kweli? Dan anasema kila akipita anakukuta umeketi tu barazani, unamwambia aje kesho. Wiki mbili sijapata hata mstari. Kama umekasirika sema, kimya chako sikiwezi.

Valary wako

Kulesa, Jumanne, 1 Julai 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba mara nyingi kwa zile siku ambazo sikujibu. Siumwi, nakula, nalala. Wala sikukasirika. Niliona haya.

Kuna jambo sikukuambia. Danson ni mtoto wa hapa Kulesa, alikwenda huko kwa kuoa. Mimi ndiye niliyemfundisha Sunday school. Katika ile miaka yangu thelathini na moja ya kufundisha sikupata aliyeimba kama yeye. Nilipokuambia umwite yule binti mwongo, vita niliviogopa kweli, lakini pia nilikuwa namkinga mwanafunzi wangu, nisijue nilimfundisha nini.

Hizi wiki mbili nimekaa nikiwapitia wote mmoja mmoja. Watoto waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Nimemtafuta hata mmoja aliyetoka darasani kwangu akaenda kwa miguu yake kufanya nililomwambia. Sijampata. Wewe una mihula miwili tu na umempata. Nimefurahi, Valary, na nakuonea wivu, yote mawili kwa pamoja.

Muhula ukiisha njoo nyumbani, chumba chako nimekifagia. Kesho asubuhi Dan ananipitia, ananipeleka kwa Danson. Sitamwomba akurudishie kazi. Nitamwambia atume mtu amwite Charity kutoka shuleni, tukae wote watatu, na huyo mtoto atuambie mimi na baba yake alivyofanya siku ile, kuanzia alipotoka nyumbani.

Bibi yako,
Asenath