Aliyemwosha Mama

Rahaleo, Mtwara.
2 Desemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Zulfa,

Asalaam aleikum. Hujambo na hali yako hiyo? Miguu bado inavimba? Na shemeji Hashimu je, ameacha kukoroma au bado anawaamsha majirani wa Kigoma? Sisi huku tu wazima, ila nyumba imepwaya tangu mama aondoke. Mikorosho imezaa vizuri mwaka huu na hayupo wa kuisifia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Kila ukiniuliza kama nilimwosha mama kwa mikono yangu, naishia kulia. Zulfa, sikumwosha mimi.

Asubuhi ile alikuja mtu wa bodaboda kutoka kijiji kimoja njia ya Nanyamba. Alikuwa amefariki mwanamke mgeni aliyekwenda kuokota korosho, hana ndugu pale. Mwosha wao ni Bi Mwanakombo, yule aliyenifundisha kazi hii, lakini amefiwa na mume, yuko eda na hawezi kutoka. Ndipo akaagiza niitwe mimi. Nilisita, maana mama alikuwa na homa. Mwenyewe akanifukuza. "Nenda, mwanangu. Maiti hasubirishwi. Mie bado napumua." Akanitania hata kanga niliyojitanda, eti kama nakwenda harusini. Nikaenda.

Simu niliiacha kwenye mkoba nje, ndivyo tunavyofanya, basi walipopiga sikusikia. Nilimwosha yule marehemu taratibu, nikamsuka nywele, nikamvika sanda, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa naifurahia kazi yangu, na huku mama yangu anakata roho.

Niliporudi alasiri, jeneza lilikuwa linakata kona ya msikiti. Mjomba Suleimani hakutaka kumchelewesha maiti, na siwezi kumlaumu. Unajua wanawake hatuendi makaburini, basi nikabaki mlangoni. Nimeosha wanawake wangapi wa mtaa huu, halafu mama yangu kaoshwa na Rukia, huyu jirani niliyemfundisha mwenyewe juzijuzi! Waliokuja kunipa pole wakaniambia mganga hajigangi. Nilitamani kuwatoa nje.

Basi nikaacha kazi. Wakija kuniita, nasema naumwa. Rukia hata salamu yake nilikuwa siitikii.

Wiki iliyopita akaja binti kutoka Tunduru, mtoto wa yule marehemu wa kule kijijini. Habari zilimfikia mama yake ameshazikwa. Hakutaka chai wala kiti. Aliniuliza tu, "Mama, wewe ndiye uliyemshika mama yangu? Alikuwaje?"

Sisi waosha hatusemi tuliyoyaona, ila ya heri huruhusiwa. Nikamwambia uso wa mama yake ulikuwa umetulia, nywele zake zilikuwa nyingi na nilizisuka mafungu matatu, na maji hayakuwa ya baridi. Akaishika mikono yangu akaibusu, akalia mpaka akachoka. Nami nikaona haya, Zulfa. Nilikuwa na mtu wa kumwuliza maneno hayohayo, naye tunapakana ukuta.

Jioni nikaenda kwa Rukia. Kabla sijamaliza kuuliza, alianza kulia yeye. "Dada Tabu, nilikuwa nakungoja wewe tu." Akanieleza yote. Mengine siyaandiki, ukijifungua salama uje na mtoto, tukae naye akusimulie mwenyewe.

Hayo hayanirudishii mama, na majuto yangu hayajaisha. Ila jana wameniita kuosha maiti kule Mtawanya, nami nimekwenda, na Rukia alikuja kunisaidia kuteka maji.

Nisalimie shemeji na wifi yako Hawa. Mjomba anakusalimu na anakuombea dua. Mola akufungue salama, wewe na kiumbe chako.

Na siku yangu ikifika, Zulfa, wasihangaike kutafuta mtu. Anioshe Rukia.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tabu