Mbwa wa Coralie Ameshakula

Tuva,

Mkirudi, usihangaike kufungua friji. Samaki wa wageni wako wa mchana, yule niliyemlaza kwenye chumvi na sukari kama tunavyofanya nyumbani Bergen, hayupo tena. Mbwa wa Coralie kammaliza, na sasa amejinyoosha kwenye kochi lako jeupe. Maji nimemwekea. Ni heri umtoe nje mapema.

Asubuhi niliwaambia wageni wavue viatu mlangoni, kwa sababu kwetu hakuna aingiaye ndani na viatu. Nikavipanga. Coralie, huyo nyota wako wa sinema, akanitupia kamba ya mbwa: "Na huyu mtembeze, mama." Nikakutazama. Nikajua sasa hivi utasema, "Huyo ni dada yangu." Wewe ukacheka! "Mpe tu, mpishi wetu anapenda mbwa."

Ati mpishi! Nimeomba likizo ya mwaka mzima shuleni ninakofundisha, nikaja huku Hollywood tukae pamoja kabla hatujazeeka, kumbe sweta langu linakutia aibu.

Funguo ziko chini ya chungu cha maua. Naenda uwanja wa ndege. ~~Ukitaka kuniomba radhi, nipigie kabla sijapanda.~~ Usinipigie.

Coralie akiuliza nani kamlisha mbwa wake, mwambie ni mpishi. Akiuliza mpishi ni nani, mwambie ni yule aliyekusuka nywele na kukupeleka shule mama alipokufa.

~~Mpishi~~
Dada yako